Ua jipya lieleze mpaka asiyeliona alitambue

Mwezi huu nimeziweka kando barua za ukoka na za miti ya kivuli, kwa sababu barua nne zimenijia kuhusu maua ya deizi, hasa aina iitwayo jabera, na moja kati ya hizo imenigusa kuliko zote nilizopata tangu nianze kujibu ukurasa huu. Naanza nayo, na itakula nafasi kubwa. Wenzake wanivumilie.

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni kijana, nauza miche ya maua kando ya barabara hapa Kisasa, Dodoma. Mwaka jana nilipanda mbegu za jabera nilizochuma kwenye maua yangu mwenyewe. Miche 40 ikaota, na mmoja ukatoa ua ambalo sijapata kuliona: petali za rangi ya chungwa zinazogeuka nyeupe nchani, na katikati ni jeusi. Wateja wanaligombania. Mmoja alinitajia shilingi 30,000 kwa kopo moja, nikakataa. Nataka kulisajili kama aina mpya, niliite Machweo ya Mlimwa. Nianzie wapi? (Msomaji, Kisasa)

Jibu: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuzikataa hizo 30,000. Mche ukiwa mmoja na ukauuza, umeuza kila kitu.

Usianzie kwenye fomu. Anzia kwenye ua lenyewe. Keti nalo asubuhi, saa tatu hivi, kabla upepo haujaanza, ukiwa na kibanio cha nyusi na macho yako tu. Alizeti unaijua, huku kwetu hakuna asiyeijua, kuanzia Kongwa mpaka Singida. Jabera na alizeti ni ukoo mmoja, na hata kile kishona nguo kinachong'ang'ania suruali ni wa ukoo huohuo. Unachokiita ua ni vijiua vingi vilivyobanana juu ya kitako kimoja, kama punje za alizeti zinavyobanana. Ng'oa petali moja ya pembeni, uitazame shinani. Utaona kifuko cheupe ambamo mbegu hukaa, manyoya laini yanayokizunguka, na kijiti chembamba chenye ncha iliyogawanyika mara mbili kama ulimi wa kenge. Petali ile ni kijiua kizima, na ni cha kike. Vya katikati vina kike na kiume pamoja. Ukishaliona hilo kwa macho yako, mambo mengine yote nitakayokuambia yatakaa sawa kichwani.

Sasa tazama huo weupe wa nchani. Je, uko sawasawa kwenye kila petali, au ni michirizi ya ovyo, petali hii ina mingi na ile haina? Ikiwa ni ya ovyo, na majani yana madoa ya njano au yamejikunja, hapo shuku ugonjwa wa virusi, ambao huletwa na wadudu wadogo wanaofyonza, vithiripi na vidukari. Mche wa namna hiyo hung'olewa ukachomwa moto, hata kama roho inauma, usije ukaambukiza kitalu kizima.

Ikiwa weupe uko sawasawa, subiri maua mengine. Ua lililofunguka Julai, usiku kukiwa na ubaridi, halilingani rangi na la Novemba, jua linapochoma. Mimi niliwahi kuandika kwenye kaunta buku langu "waridi iliyoiva" kwa mche uliochanua Juni. Ilipofika Novemba mche huohuo ukatoa maua yaliyopauka kama kanga iliyofuliwa miaka mitano. Nilichokiandika Juni kilikuwa kweli kwa mwezi wa Juni. Kosa langu lilikuwa kuandika mara moja nikafunga daftari. Andika kila ua linapofunguka, kwa tarehe, kwa muda usiopungua mwaka mzima.

Halafu lizalishe, na hapa ndipo wengi hupotea. Usichukue mbegu za mche huo ukadhani utampata yeye tena. Damu ya jabera imechanganyika mno: ulipata miche 40 yenye sura 40, na ukipanda zake utapata sura nyingine 40. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi hapandi mbegu ya zabibu. Anapanda pingili, ili mzabibu mpya uwe yuleyule wa zamani. Jabera nayo unaigawa shina. Subiri mche uwe na vichwa vitatu au vinne, uufukue ukishamaliza kuchanua, ukung'ute udongo, ukate kwa kisu ulichokisafisha kwa dawa ya madoa, kila kipande kibaki na mizizi yake na majani mawili matatu. Kata na majani makubwa, ili mche usipoteze maji mengi.

Unapopanda, kichwa, yaani pale majani yanapochomoza, kikae juu ya udongo. Nalisema hili kwa uchungu. Mche wangu wa kwanza niliouchagua mwenyewe, wenye ua la njano iliyofifia na kitovu cheusi, niliuhamishia kwenye kopo kubwa nikaufukia kichwa kidogo tu, upana wa kidole kimoja, nikidhani nausaidia usiyumbe na upepo. Nikawa naumwagilia juu kwa juu. Wiki ya tatu majani ya katikati yakalegea. Nilipoyavuta yakang'oka yote kwa pamoja, laini, yana harufu ya uozo. Sikuwa na kipande kingine popote. Tangu siku hiyo mche wowote ninaoupenda nautawanya: kimoja kwangu Miyuji, kimoja kwa dada yangu Ihumwa, kimoja kwa jirani. Fanya hivyo wewe pia kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote ua lako.

Na maji. Maji yetu mengi ya visima hapa Dodoma yana chumvichumvi. Unaiona inavyoganda nyeupe kwenye mdomo wa kopo na kwenye viriba. Jabera hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiona jani changa limekuwa la njano huku mishipa yake imebaki ya kijani, mmea unashindwa kula madini ya chuma. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba mpaka Aprili, kwenye madumu hata kama ni machache, uyatunze kwa ajili ya hiyo miche teule. Mingine inywe ya kisima.

Ukishakuwa na vipande kumi au zaidi vilivyochanua, na vyote vina ua lilelile, ndipo tuzungumze usajili. Sheria yetu ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ni ya mwaka 2012, na mwaka 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, umoja wa nchi zinazolinda aina mpya za mimea. Ofisi ya msajili iko chini ya Wizara ya Kilimo, kwa hiyo wewe wa Kisasa huhitaji kupanda basi la mkoani. Wanatazama mambo haya: aina iwe mpya sokoni, iwe tofauti na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane yenyewe kwa yenyewe, ibaki hivyohivyo ikizalishwa tena na tena, na iwe na jina linalofaa. Usihofu kwamba hukuvusha chavua, ule unga wa njano wa ua, kwa mkono wako. Aliyegundua mmea akauendeleza naye anatambuliwa, ila kuendeleza huko ndiko hiyo kazi ya kugawa, kulinganisha na kuandika niliyokueleza. Haki ikitolewa, kwa mimea isiyo miti wala mizabibu hudumu miaka 20.

Jambo moja la haraka: ukianza kuuza aina hiyo hapa nchini, ukapita mwaka mmoja kabla ya kupeleka maombi, upya wake umekwisha. Picha na sifa unaweza kuzisambaza. Kinachohesabiwa ni kuuza. Kwa hiyo hata mteja akipandisha bei, mwambie asubiri.

Jina lako nimelipenda. Mlima Mlimwa ukitazamwa jioni kutoka upande wa mjini kweli una rangi hiyo. Hakikisha tu hakuna jabera nyingine inayoitwa hivyo, na ujue kwamba likishasajiliwa kila atakayeuza mmea huo atatakiwa alitumie, hata baada ya haki yako kwisha. Halibadilishwi kirahisi. Lala nalo miezi kadhaa.

Kama muda huu unaona ni mrefu, msikilize Luther Burbank, mzalishaji wa aina mpya za mimea wa California, Marekani. Alianza mwaka 1884 kuchanganya deizi za porini za Ulaya, akitafuta ua kubwa jeupe pepe, weupe usiompa mashaka. Ule weupe hakuupata mpaka alipoingiza deizi ya Kijapani. Akaiuza mwaka 1901 kwa jina la Shasta, kwa ajili ya mlima wenye theluji. Miaka 17. Wewe wa kwako umeota wenyewe, umepunguziwa safari.

Swali: Mama, mimi ni mwanafunzi hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, nina jabera zangu kibarazani hosteli. Nimeambiwa aina mpya lazima ielezwe rangi yake kwa maandishi. Nikisema "pinki iliyokolea" haitoshi? Si nipige picha tu kwa simu? (Binti wa UDOM)

Jibu: Haitoshi, binti yangu, na swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu rangi kwa Kiswahili tunayo tajiri ila kila mtu ana ya kwake. Waulize wanawake watano sokoni Sabasaba wakuonyeshe kitambaa cha damu ya mzee. Mmoja atakuonyesha kahawia, mwingine zambarau, wa tatu nyekundu. Wote wamesema kweli, lakini msajili hawezi kufanya kazi na kweli tano.

Simu nayo inadanganya. Saa saba mchana inapausha nyekundu, jioni inaongeza chungwa, na vumbi letu likiwa hewani kila kitu kinaingia wekundu. Picha ipige, ni kielelezo kizuri, ila piga kwenye kivuli cheupe cha baraza asubuhi, weka karatasi nyeupe pembeni ya ua, na rula iwemo.

Duniani wanaoeleza maua hutumia kitabu cha rangi cha Royal Horticultural Society ya Uingereza, kinachotumika tangu 1966. Ni vipande vya karatasi vilivyofungwa kama pepeo la mkononi, kila kipande cha rangi kina namba na herufi, na katikati kina tundu. Unaiweka petali nyuma ya tundu, unasogeza kipande hadi kipande, mpaka mstari kati ya karatasi na petali upotee machoni. Hapo unaandika namba. Mtu wa Uholanzi akifungua namba hiyohiyo anaona ulichokiona wewe Dodoma. Kitabu hicho ni ghali. Kwa kujifunza, nenda kwa wauza rangi za nyumba, wana kadi zao za rangi. Omba moja iliyozeeka, ufanye mazoezi ya kulinganisha. Siku ya kujaza fomu rasmi ndipo utafute mwenye kitabu chenyewe.

Lakini rangi si moja. Juu ya petali kuna yake, mgongoni kuna yake, shinani na nchani tofauti, na kitovu kina yake kabla hakijafunguka na yake kikishafunguka. Nakupa maelezo ya mche wangu mmoja, kama nilivyouandika, wastani wa mimea 10, ua la tatu la kila mmea:

"Ua la tabaka moja, upana milimita 94. Petali ya nje urefu milimita 41, upana milimita 9, ncha ina meno matatu madogo. Uso wa juu rangi ya chungwa bivu, theluthi ya chini njano ya kiini cha yai, mpaka kati ya rangi hizo haukatiki ghafla. Mgongo umepauka, una mstari wa zambarau katikati. Kitovu upana milimita 23, hudhurungi karibu na nyeusi kabla ya kufunguka. Kikonyo sentimita 38, kina vinyweleo, shinani chekundu. Jani sentimita 24, kingo zina mawimbi, mgongo wake una vinyweleo vyeupe. Inakaribiana na jabera ya chungwa ya kitovu cheusi iliyopandwa kando yake, ila ile haina njano shinani mwa petali, na kikonyo chake ni kifupi kwa sentimita 9."

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito. Ua halielezwi likiwa peke yake. Unatafuta linalofanana nalo zaidi, unavipanda bega kwa bega, udongo mmoja na maji mamoja, halafu unasema tofauti. Ukilinganisha la kwako la baraza na la rafiki yako la kwenye jua, umelinganisha baraza na jua. Na usichague ua zuri kuliko yote ukapima hilo. Mkono unataka kulichagua, najua, wangu pia unataka. Ndiyo maana nimejiwekea sheria ya ua la tatu, liwe zuri au baya.

Swali: Najaribu kuvusha chavua kwa mkono, jabera nyekundu kwa nyeupe. Napaka kwa brashi, lakini mbegu zote ni mapepe. Nina miaka 71 na sitaki kupoteza msimu mwingine. (Mzee wa Mpwapwa)

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Nahisi unapaka ua likiwa limechelewa, au unapaka katikati. Vile vijiua vya kike vya pembeni ndivyo hutangulia. Petali za nje zikishatanda na ulimi wa kenge ukafunguka, siku hizo chache, kabla unga wa njano haujaonekana katikati, ndio wakati wake. Ukisubiri unga uonekane kwenye ua la mama, umeshachelewa na tayari limeanza kujichavusha lenyewe.

Siku moja kabla, livalishe ua la mama bahasha ya kaki ili nyuki wasikutangulie, na la baba pia. Asubuhi umande ukikauka, chuma ua la baba lililojaa unga, lisugue taratibu kwenye duara la pembeni la mama. Brashi yenyewe humeza unga mwingi, mimi niliiacha. Rudia baada ya siku mbili, kisha tena baada ya mbili. Vijiua vya katikati ving'oe kwa kibanio unapoviona vinataka kupasuka, ubakize hilo duara la nje. Funga uzi, andika kwenye kipande cha karatasi ngumu: jina la mama kwanza, la baba la pili, tarehe.

Baada ya wiki tatu mpaka tano kichwa kitafumuka kama sufi. Kaa karibu nacho, maana upepo wa Mpwapwa hauombi ruhusa. Chagua mbegu kwa vidole: iliyonona ukiibonyeza inasukuma, pepe inalala. Usizihifadhi kwa ajili ya mwakani, mzee wangu. Mbegu ya jabera hupoteza uhai haraka. Ipande ndani ya wiki chache, ncha chini, manyoya juu, usiifukie ikapotea gizani. Ukipata miche kumi tu inayoota, una watoto kumi wasiofanana, na unaweza kuwaona wakichanua kabla mwaka haujazunguka.

Swali: Nimenunua jabera zenye kibao kinachosema zimelindwa na haziruhusiwi kuzalishwa. Je, nikivusha chavua yake kwenye jabera yangu ya kienyeji ni wizi? (Mama wa Manyoni)

Jibu: Si wizi, mama. Kuigawa shina ukauza vipande vyake bila ruhusa ya mwenye haki, hilo umezuiwa. Kuitumia kama mzazi ili upate aina nyingine, sheria za namna hii zinaruhusu, na kuipanda kwako kwa kujifurahisha bila kuuza pia kunaruhusiwa. Kibao usikitupe. Kibandike kwenye daftari, uandike pembeni yake ni ua gani ulilolipa chavua hiyo na tarehe gani, kwa sababu siku mtoto wake akitoka mzuri, swali la kwanza utakaloulizwa ni wazazi wake ni nani.